Mama karudi kutoka Chennai na makopo ya "antioksidanti": kipi aache leo, kipi aendelee nacho

Swali lenyewe kwa ufupi, kwa nyie mnaosoma tu. Dada mmoja wa Tanga kaniandikia kwamba mama yake, miaka 58, alibadilishiwa valvu ya moyo kule Chennai, wakakaa wiki kadhaa kwenye gesti moja na wagonjwa wengine, na kabla hawajarudi mwenye gesti akamshauri mama anunue dawa za asili za Kihindi "za kusafisha damu". Kwahiyo sasa kabatini kuna kopo la unga wa triphala, chupa ya vidonge vya kurkumini, ile rangi ya njano ya manjano, vilivyochanganywa na pilipili manga, vidonge vya ashwagandha, na kopo la chyawanprash, ile kama jemu nyeusi. Vyote vimeandikwa antioksidanti kwa herufi kubwa, kimoja kinadai kinalishinda chungwa mara nyingi sana. Na mama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni. Dada anauliza mambo matatu: je ni kweli zina hizo antioksidanti, je anaweza kuzitumia pamoja na dawa za hospitali, na je aache hata manjano ya kwenye mchuzi maana shoga yake mmoja kamtisha.

Marahaba dada, na pole na kuuguza. Naomba nianze na swali la pili maana lile la kwanza linaweza kusubiri, hili halisubiri.

Ile chupa ya kurkumini na pilipili manga mama aiweke pembeni leo, asimeze tena hata kimoja, na kesho mpeleke akapime INR, kile kipimo cha kuonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, hata kama tarehe yake ya kliniki bado. Warfarini yenyewe asiiache hata siku moja, narudia tena dada, asiiache, kwasababu kwenye valvu ya bandia damu inapenda sana kuganda na bonge likishatoka pale linaenda kichwani, hiyo ni hatari kuliko kitu chochote nitakachoandika humu. Na ukiona fizi zinatoka damu, au michubuko ambayo mama hajui kajigonga wapi, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au kichwa kimemuuma ghafla vibaya sana, hapo usisubiri kesho, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

Sababu ni hii. Warfarini ni dawa ya kutembea ukingoni, ikipungua kidogo damu inaganda, ikizidi kidogo damu inavuja, ndo maana wanampima kila mara. Mwaka 2018 Medsafe, yaani mamlaka ya dawa ya New Zealand, walitoa tahadhari baada ya mgonjwa mmoja aliyekuwa anatumia warfarini na INR yake imetulia vizuri, akaanza kutumia bidhaa yenye manjano, ndani ya wiki chache INR ikapita 10. Wenye valvu za bandia wengi wanawekwa kati ya 2 na 3 na kidogo, daktari ndo anajua cha mama ni ngapi, kwahiyo ukisikia 10 hapo tunaongelea mtu anayeweza kuvuja damu kwenye ubongo akiwa amekaa zake tu anaangalia tivii. Ni mgonjwa mmoja, sawa, ila mimi siwezi kumwambia mama yako ajaribu awe wa pili.

Na ile pilipili manga kwenye kidonge haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Kurkumini ikiingia tumboni mwili unaikataa, nyingi inatoka chooni na kidogo kinachopenya ini linakivunja haraka. Mwaka 1998 watafiti wa chuo cha tiba cha St. John's pale Bangalore waliwapa watu gramu 2 za kurkumini tupu, kwenye damu ikaonekana kidogo sana au haikuonekana kabisa, wakaongeza miligramu 20 za piperini, ile kemikali inayofanya pilipili manga iwake mdomoni, na kiwango kikapanda kwa asilimia 2000. Tangu hapo kampuni nyingi zinaweka piperini. Sasa jiulize piperini inafanyaje hiyo kazi: inawazuia vimeng'enya vya ini na utumbo visifanye kazi yao ya kuvunja vitu. Na vimeng'enya hivyo havichagui, vingine ndo hivyohivyo vinavyovunja dawa za hospitali. Imeshaonekana kwa watu kwamba piperini inapandisha kiwango cha propranolo kwenye damu, dawa ya presha na moyo, na cha fenitoini, dawa ya kifafa. Kwahiyo mama akimeza kile kidonge hamezi manjano peke yake, anameza na kitu cha kufunga mlango ambao dawa zake zingine zinatokea.

Haya, tuje kwenye antioksidanti zenyewe, maana hapa ndo watu wengi wanauziwa maneno, na mimi linaniuma kwasababu ndo kazi yangu. Mimi ni mkemia wa mimea dawa, nilisomea Pune kule India, na hizi dawa za Kihindi nazipenda na kuziheshimu, usije ukadhani ni mtu wa kuponda vya asili.

Ukikata biringanya ukaliacha kwenye sahani linakuwa la kahawia. Ndizi za kupika ukishamenya unazitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi, au unapaka ndimu. Huo ndo uoksidishaji, oksijeni inakula kitu, na ile ndimu ndo antioksidanti. Ndani ya mwili nako oksijeni inachoma chakula ili tupate nguvu, na kwenye kuchoma huko zinaruka cheche, sisi tunaziita radikali huru, ni molekuli iliyobaki na elektroni isiyo na mwenzake kwahiyo inampora jirani ya kwake, jirani naye anampora mwingine, inaenda hivyohivyo mpaka mafuta ya kwenye ukuta wa seli yanaharibika, au DNA. Antioksidanti ni molekuli inayoweza kutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka mporaji. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman akatoa nadharia kwamba kuzeeka kwenyewe kunatokana na hizi radikali, na hapo ndo biashara yote ilipoanzia: kama cheche ndo zinatuzeesha, basi tumeze vizima moto.

Kipimo kinachotumika sana kupima vizima moto hivyo nimekifanya mara nyingi mpaka siku zingine nilikuwa naota zile rangi. Kuna kemikali inaitwa DPPH, ukiiyeyusha kwenye methanoli inakuwa zambarau kabisa kama tunda la zambarau lililoiva. Unaweka mchemsho wa mmea wako, unaacha gizani nusu saa, na kama mmea una antioksidanti ile zambarau inafifia inakuwa njano hafifu, unasoma kwenye mashine imefifia kiasi gani. Amla, tunda kuu la dawa za Kihindi, ukilidondosha pale rangi inakimbia papo hapo. Haritaki na bibhitaki, wenzake wawili kwenye triphala, vivyo hivyo. Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza dada ni ndiyo, ni kweli kabisa, zina antioksidanti nyingi na aliyeandika kwenye kopo hajasema uongo hapo. Ila chai ya rangi nayo inafifisha ile zambarau. Karafuu za Pemba ndo usiseme, ni moja ya vitu vikali kuliko vyote nilivyowahi kuweka kwenye kile kichupa cha DPPH. Ganda la komamanga tunalotupa jalalani, nalo.

Na kile kichupa hakina tumbo, hakina ini, hakina damu. Hapo ndo pa kuelewa. Wizara ya kilimo ya Marekani iliwahi kuweka jedwali la vyakula na namba zao za antioksidanti, kipimo kinaitwa ORAC, makampuni yakazichukua zile namba yakazibandika kwenye makopo, na mwaka 2012 wizara ikaliondoa jedwali lake yenyewe ikieleza kwamba namba zile hazionyeshi kitakachotokea mwilini na zinatumiwa vibaya kuuzia watu bidhaa. Kwahiyo ukiona kopo linasema "mara kadhaa kuliko chungwa" jua ni habari za kichupa.

Angalia kwenye damu yenyewe. Vitamini C kwa mtu anayekula vizuri inakuwa kama maikromoli 50 mpaka 70 kwa lita. Asidi ya yuriki, ile ile inayoleta gauti ikizidi, iko 200 mpaka 400, na hiyo nayo ni antioksidanti, tena kwenye kipimo ndo inachukua sehemu kubwa ya nguvu ya damu. Halafu kemikali za mimea, zile polifenoli za manjano na amla na chai, baada ya kula kwa kawaida hazifiki hata maikromoli chache, na zinakaa saa chache tu, na tena zikiwa zimeshabadilishwa na ini. Sasa niambie kitu cha maikromoli 1 kinaenda kuzima moto gani mahali ambapo tayari kuna vizima moto 300 vimesimama? Hesabu tu inakataa.

Na kumeza antioksidanti kwa wingi kumeshajaribiwa kwa watu wengi kwelikweli. Si kwa mimea ya Kihindi, ni kwa vidonge vya vitamini, ila wazo ni lilelile. Finland walichukua wanaume wavuta sigara 29,133, wengine wakapewa betakarotini, ile rangi ya karoti, kila mtu akitegemea kansa ya mapafu itapungua. Majibu yalipotoka 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wamepata kansa ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani nako utafiti wa CARET, watu 18,314, uliokuwa unatumia betakarotini na vitamini A, ukasimamishwa mapema Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake, kwasababu ileile, kansa ilizidi kwa waliokuwa wanameza. Watu hawa walikuwa na imani kama ya mama yako, kwamba kitu cha asili chenye antioksidanti hata kama hakisaidii basi hakidhuru.

Kwanini kidhuru? Kwasababu cheche si adui wakati wote. Chembe nyeupe za damu zikimkamata bakteria zinammwagia radikali huru makusudi, ndo silaha yao. Mtu akifanya mazoezi cheche zinazoruka kwenye msuli ndo zinauambia msuli ujiimarishe, kuna utafiti wa Ujerumani wa 2009 ulioonyesha waliomeza vitamini C na E kwa wingi wakati wa mazoezi walikosa sehemu ya faida ya mazoezi yenyewe kwenye mambo ya sukari. Na seli ya kansa nayo inapenda kulindwa dhidi ya cheche kama seli nyingine yoyote.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukaenda kutupa amla jalalani. Mimi naamini hii mimea inafanya kazi, ila si kwa njia iliyoandikwa kwenye kopo. Kemikali nyingi za mimea ni chungu, ni kali, mmea umezitengeneza kujilinda na wadudu, na zikiingia kwenye seli zetu seli inazihisi kama kausumbufu fulani. Kuna kitu ndani ya seli kinaitwa Nrf2, muda mwingi kimelala, kikisikia huo usumbufu kinaamka kinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi, mwili unatengeneza glutathioni, antioksidanti yake wenyewe, na vimeng'enya vyake wenyewe, ambavyo kimoja kinaweza kuzima mamilioni ya cheche bila kuisha. Ni kama sungusungu. Mmea wenyewe si mlinzi, ni yule mtu aliyepiga yowe la mwizi, watu wakatoka na marungu. Na yowe linatosha kidogo tu, ukipiga yowe usiku kucha kila siku mtaa mzima unaumwa. Kwenye seli za maabara na kwa wanyama hili linaonekana wazi, kwa watu ushahidi bado mwembamba, ila mimi hapa ndo naweka tumaini langu kuliko kwenye zambarau inayofifia.

Na ukiwasoma wahenga wa Kihindi wenyewe, hawakusema antioksidanti, neno hilo hawakulijua. Walisema rasayana, moja ya matawi nane ya Ayurveda, yaani tiba yao ya asili, tawi la kuutunza mwili usichakae haraka. Charaka Samhita, kitabu cha kama miaka 2000 iliyopita, sehemu yake ya matibabu inaanza na rasayana kabla ya ugonjwa wowote, na mimea ya kwanza kabisa kutajwa pale ni haritaki na amla. Chyawanprash yenyewe imepewa jina la mzee Chyavana ambaye hadithi inasema alirudishiwa ujana. Lakini rasayana kwao haikuwa kidonge, ilikuja na utaratibu, mtu anasafishwa tumbo kwanza, anapangiwa chakula, kulala, hata namna ya kuongea na watu, na mganga anamwangalia yule mtu mmoja, umri wake, mmeng'enyo wake, msimu wa mwaka. Ukimtoa mganga ukabakiza kopo dukani, umebakiza kitu kingine kabisa.

(Na wanaodhani maarifa hayo hayana uzito: mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza (patent) ya kutumia manjano kuponya vidonda, kana kwamba wao ndo wamegundua. Baraza la utafiti la India, CSIR, likapinga, likapeleka maandiko ya zamani pamoja na makala ya jarida la kitabibu la India la mwaka 1953, na 1997 ikafutwa. Bibi yeyote wa pwani angeweza kwenda kutoa ushahidi pale.)

Tuje kabatini sasa, kopo kwa kopo.

Amla kama tunda sina neno nalo, ni tunda zuri sana. Kule Pune msimu wake ni wa baridi, kuanzia Novemba hivi, yanajaa sokoni Mandai, kijani cheupe, duara, yana mistari kama yamegawanywa vipande, wanayauza na chumvi na pilipili kama sisi na embe mbichi, unatafuna uchachu na uchungu mpaka uso unakunjamana halafu ukinywa maji yanakuwa matamu mdomoni. Vitamini C yake ni nyingi kupita chungwa, na ina tanini ambazo zikifika utumbo mpana bakteria wanazivunja kuwa vitu vidogo vinaitwa urolithini, na hivyo ndo vinaingia mwilini, ingawa si kila mtu ana bakteria wa kutengeneza. Ila dada, pera lina vitamini C kama miligramu 230 kwa gramu 100, chungwa lina kama 53. Mama akitaka kulishinda chungwa mara nne, aende sokoni anunue mapera, Tanga yapo.

Chyawanprash ni hiyo amla imepikwa na samli, asali, sukari nyingi, na mimea mingine, kwa kawaida 40 hivi na zaidi. Shida yangu siyo kwamba ni mbaya, shida ni hiyo 40. INR ikiyumba hakuna daktari duniani atakayejua ni mmea upi. Na kama mama ana sukari, ile ni jemu, ihesabiwe kama jemu. Kwahiyo hapana, kwa mtu wa warfarini mimi sishauri.

Triphala ni matunda matatu, jina ndo maana yake, amla, haritaki na bibhitaki yaliyokaushwa na kusagwa. Kazi yake inayoonekana kwa macho ni choo, inalainisha taratibu, na kwa hilo naiamini. Wengi wanaosema imewasafisha sumu ukweli ni kwamba walikuwa wamefunga choo siku nyingi, na mtu akipata choo vizuri anajisikia mwepesi na hilo ni jambo kubwa tu, halihitaji kuitwa jina lingine. Lakini akizidisha akaharisha, INR yake itayumba kwa kuharisha kwenyewe. Kama tatizo la mama ni choo, na baada ya upasuaji ni kawaida, mwambie daktari, au aanze na papai na maji ya kutosha. Triphala ibaki kabatini mpaka waongee na daktari wa moyo.

Ashwagandha, hii ningependa aiache kabisa. Ni mzizi, na mmea wenyewe unaota hata Afrika, si wa India peke yake. Watu wanaitumia kwa usingizi na mawazo na kuna tafiti ndogondogo zinazoonyesha inasaidia kidogo, sikatai. Ila kumekuwa na taarifa za watu walioumia ini, wanageuka njano macho, wengi wakapona walipoacha, na inaweza kuchezea homoni za tezi ya shingo. Denmark waliipiga marufuku mwaka 2023. Ini ndo linavunja warfarini. Ukigusa ini umegusa warfarini. Sina cha kuongeza hapo. Na usidhani ini linaumizwa na ashwagandha tu: wakati wa Covid India nzima ilikunywa giloy, mmea mwingine wa dawa za Kihindi, kuongeza kinga, na madaktari wa Mumbai wakaripoti 2021 wagonjwa 6 waliokuja na ini limevimba baada ya kuitumia, wizara ya AYUSH, ile ya dawa za asili kule India, ikabisha ikasema huenda ni mmea mwingine unaofanana nao, na hata kama wizara iko sahihi, bado mnunuzi ndo kala mmea asioujua. Vidonge vya manjano vyenyewe, hasa vyenye piperini, navyo vimeripotiwa hivyohivyo Italia na Marekani.

Kuna jambo jingine ambalo halihusiani na mmea wenyewe na linanisumbua zaidi, nalo ni kilichomo kwenye kopo. Mwaka 2004 madaktari wa Boston walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Wahindi mtaani, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki, yaani moja kati ya tano. Walirudia 2008 kwa bidhaa 193 za kununua mtandaoni, ikawa hivyohivyo, asilimia 20 na kidogo. Sehemu moja ni uchafu wa udongo na viwanda, na sehemu nyingine ni makusudi, kuna tawi la tiba linaitwa rasa shastra ambalo linachanganya mimea na metali zilizochomwa mpaka zikawa majivu, wanaita bhasma, wanaamini moto umeshaondoa sumu. Risasi haiondoki kwa moto dada. Kwahiyo kopo lolote lenye neno bhasma au rasa kwenye jina, usimpe mtu yeyote ndani ya nyumba, achilia mbali mtoto au mjamzito.

Hata manjano ya unga yamewahi kuchezewa. Bangladesh watafiti waligundua 2019 kwamba wafanyabiashara walikuwa wanasugua mizizi ya manjano kwa rangi ya kromati ya risasi ili ing'ae njano iwavutie wanunuzi, serikali ikaingilia kwa nguvu, faini na matangazo, na kufikia 2021 sampuli walizopima sokoni zikawa safi. Nalitaja kwasababu watu wengi wanachagua manjano kwa kung'aa. Yanayong'aa kupita kiasi yaogope. Nyie Tanga mna bahati, manjano mabichi kutoka milima ya Usambara yanapatikana, nunua mabichi, osha, chemsha, kata vipande, anika, twanga mwenyewe.

Kliniki nenda na makopo yote yenyewe kwenye mfuko, si majina ya kukariri, daktari ayasome, na mama aseme alianza lini na anameza vingapi. Asione aibu, wagonjwa wengi wanaficha dawa za asili wakiogopa kugombezwa, halafu daktari anabadilisha dozi ya warfarini bila kujua kinachoendelea, na siku mgonjwa akiacha kile kidonge kimyakimya INR inashuka tena na dozi haitoshi. Na hili muhimu: akishaacha kurkumini leo, INR inaweza kusogea tu kwa kuacha, kwahiyo kipimo kimoja hakitoshi, muombe daktari apange kingine baada ya wiki moja hivi. Unga wa mlonge nao kama yupo anayetaka kumpa, asimpe kienyeji, majani yana vitamini K inayovuta INR upande wa chini, mboga za majani ale kawaida yake kila wiki kiasi kilekile, asile nyingi leo halafu aache wiki mbili.

Limebaki la manjano ya mchuzi, na shoga yako alikuwa na nia njema ila kazidisha. Kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu 3, na kurkumini ndani yake ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90 hivi, tena mchuzi wa sufuria nzima hupiki na kijiko kizima, na unagawanywa kwa watu watano. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kilichochujwa kwa asilimia 95 kina miligramu 475, ni vijiko vitano vya manjano kwa mkupuo mmoja, pamoja na piperini ya kufungia mlango, na mama alikuwa anameza viwili kwa siku. Ni vitu viwili tofauti vinavyotumia jina moja. Mchuzi wa samaki wa nazi na manjano yake kidogo, tangawizi, kitunguu saumu cha kawaida, apike na ale kama alivyokuwa anakula kabla ya Chennai, kiasi kilekile, na INR ipimwe akiwa anakula hivyo.

Ukipata majibu ya kipimo niandikie namba, na uniambie pia mwenye gesti alimpa kitu kingine chochote cha kuchemsha, maana kuna gome la mti linaitwa arjuna ambalo kule India wagonjwa wa moyo wanapeana sana, na hilo nalo sitaki likutane na warfarini.